Ankara Zilizotoka Ijumaa

Ndugu zetu mliofika, mtuvumilie sauti ikikatika, maana familia bado imepigwa na butwaa, na anayewasomea haya ni mdogo wake marehemu, ambaye wiki iliyopita tu alikuwa akitaniana naye kwenye simu.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mzee wa Ankara tangu hajaota mvi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuguzi, akasoma shule ya mtaani hapo hapo, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2002 akahitimu stashahada ya uhasibu, baada ya kubishana na karibu kila mwalimu.

Mwaka 2004 aliajiriwa na kampuni ya vifungashio, na kompyuta zilipoingia ndiye aliyewafundisha wenzake kwamba mzigo ukishatoka ghalani programu yenyewe humwandalia mteja ankara, na ukienda kwa kampuni dada, yaani ile yenye mmiliki mmoja na yao, ankara hiyo moja husomeka huku kama mauzo na kule kama manunuzi, na hesabu hizo mbili zisipolingana hakuna kufunga hesabu za mwezi. Nyumbani nako alitukomesha, hata sufuria ya jirani hairudi bila maelezo.

Tarehe 18 Agosti 2007 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa chekechea, wakajaliwa mabinti wawili.

Hakuugua. Jumatano asubuhi alilalamika kuumwa kifua, jirani akamkimbiza hospitali, na kabla ya adhuhuri daktari akatuita pembeni. Jamani, mtu aliyekunywa chai akamaliza kikombe!

Ijumaa, shemeji akiwa amekaa na akina mama, simu ya marehemu ikalia, mhasibu wa kampuni dada, aliyekuwa safarini na hana habari, akimshukuru kwa ankara alizomtumia dakika ile ile, zikiwa na jina lake. Shemeji aliruka, akapiga kelele kwamba mume wake yuko kazini, akakataa katakata kutoa nguo za kumvalisha, na sisi, tusifichane, tuliogopa. Kumbe Jumanne marehemu aliiagiza programu izitume Ijumaa, kama kawaida yake, na ofisini, kwa kuchanganyikiwa, hakuna aliyekumbuka kuliondoa jina lake kwenye programu. Shemeji alisema haamini mpaka aone kwa macho yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotuachia nyumba zao, wafanyakazi wenzake wote, na kipekee fundi wa kompyuta wa kampuni, ambaye jana alimketisha shemeji kwenye kiti cha marehemu, akamwonyesha yale maagizo ya Jumanne, kisha akamwomba ruhusa ya kulifunga jina la marehemu kwenye programu, naye shemeji akauliza kama likifungwa mume wake hatatuma tena kitu, fundi akajibu, machozi yakimtoka, kwamba hatatuma tena. Shemeji aliporudi nyumbani alifungua kabati mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, akalipiga pasi shati jeupe, na ndilo alilovaa marehemu hapa mbele yenu.

Kaka, tumekubali, pumzika kwa amani.