Aliyenichukulia Dirisha: Fundi Jezi Anastaafu

Ijumaa tarehe thelathini, fundi tunayemwita Jezi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha ushonaji. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mkuu wa chumba cha suti, niandike wasifu wake kwa sababu ndimi niliyemfundisha kazi. Nimekubali. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ingawa mnyonge katika habari hii, mkisoma mtaona, si yeye.

Alikuja kwetu kijana mwembamba wa kutia vifungo. Wakati huo chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara, kilikuwa cha suti, na mpita njia akisimama kwenye kioo alikuwa anaangalia makoti yangu. Nilimfundisha kukata, kutia bitana na kushona mfuko wa ndani, ule wa upande wa moyo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Hilo siwezi kumnyima.

Siku moja wapakuzi wa ghala la jirani wakaja kuomba jezi za timu yao. Nikawaambia hapa hatushonei watu wa kukimbizana kwenye vumbi. Yeye akawafuata hadi nje, akaipokea kazi, akaishona kwenye pembe ya chumba changu. Kwa mazoea ya suti, zote akazitia mfuko wa ndani. Jezi na mfuko wapi na wapi? Basi kipa akaweka humo nauli yake, timu ikashinda, na wiki iliyofuata timu nyingine zikaja kutaka jezi zenye mfuko. Mimi nikikosea, suti inarudi niifumue. Yeye akikosea, inakuwa mtindo.

Halafu mpira wenyewe ukafura. Televisheni zikaleta ligi za mbali, na watu ambao hawajawahi kuvuka daraja la mji huu wakaanza kukosana kwa ajili ya beki wa mji wasioweza kuuonyesha kwenye ramani. Wakaja watu wa benki, wakaja wauguzi, wakaja wasichana wa shule na nahodha wao anayejua kushusha bei kuliko baba yake. Mama mkwe wangu, ambaye zamani alikuwa anauliza kwa nini kila mtu asipewe mpira wake, akaagiza jezi yenye jina lake mgongoni, na aliyetumwa kupeleka oda ni mimi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Chumba cha mbele kikawa cha jezi, nami mwenyeji nikahamishiwa nyuma, jirani na jenereta.

Nitasema wazi: nilimwonea wivu, na bado namwonea. Walikuja wateja wa ng'ambo wasiojua neno letu hata moja. Jezi akachora fulana kwenye karatasi, akaandika tisa mgongoni, wote wakacheka, kazi ikaanza. Mimi na mteja wa lugha moja tunabishana asubuhi nzima juu ya bega. Mwaka jana alipeleka mizigo katika nchi ambazo karani wetu alilazimika kuzitafuta kwenye ramani ya ukutani, nami nikawa napita mlangoni nikijifanya natafuta uzi.

Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa dirisha. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniagiza suti. Tuzo ya mfanyakazi bora aliipokea na jezi. Bintiye alipoolewa, baba mtu alisimama na jezi, iliyopigwa pasi vizuri, sikatai. Mwanafunzi wangu mwenyewe! Kila mara nilijiambia safari hii atakuja, na hakuja.

Mwezi uliopita akaja. Akanipa shikamoo yake ya siku zote, akasema anataka suti ya kustaafia, akainua mikono apimwe. Nilimpima polepole mno, nikifurahi na kukasirika kwa pamoja. Koti likamkaa kuliko linavyonikaa mimi. Siku ya kulichukua akaniachia kifurushi, na ndani yake jezi imeandikwa "Suti" mgongoni. Mimi na mpira ni mbalimbali, nikadhani ananitania. Ikabidi mama wa chumba cha pasi anieleze: filimbi ya mwisho ikishalia, wapinzani hubadilishana jezi, na mchezaji humtafuta yule aliyemtoa jasho kuliko wote. Kumbe muda wote huo nilidhani nashindana peke yangu.

Nikaigeuza jezi ndani nje. Upande wa moyo kuna mfuko, umeshonwa kwa mkono, na nimeukagua mara mbili nikautafutia kosa nikalikosa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Fundi Jezi, asante kwa kazi yako. Mungu akupe afya na siku ndefu pamoja na mama watoto na wajukuu, na koti hilo tafadhali usilitie majini. Ijumaa utakuwa na suti yangu. Mimi nitakuja na jezi, na nauli yangu nitaiweka mfukoni.