Tuzo Iliyomwondoa Nyundo

Benchi letu liko mbele ya duka la fundi cherehani, likitazamana na ofisi za manispaa, kwa hiyo kila anayeingia kule kuiba au kuibiwa sisi tunamwona. Mimi ni kinyozi wa chumba cha pili. Wateja wakiwa haba naacha mashine nakuja kukaa. Wenzangu ni Fundi mwenyewe, anayeshona huku akisikiliza. Redio, tarishi mstaafu wa manispaa ambaye habari zake hazina kitufe cha kuzimia. Wakili, ambaye hajawahi kusoma sheria ila kesi za watu amehudhuria nyingi. Na Mama Kahawa, mwenye birika, ambaye tukisema kweli ndiye mwenye kijiwe. Jumamosi ile kahawa ilikuwa chungu kama kawaida yake, na sisi tulikuwa wachungu kuishinda. Alhamisi mkaguzi wa majengo, yule tunayemwita Nyundo, alikuwa amepewa tuzo ya Mtumishi Mwadilifu wa manispaa nzima. Na waliompa tuzo hiyo ni sisi.

Redio: Mimi nilisema tangu mwanzo, lile sanduku la kura ni mtego.

Mimi: Ulisema lini? Wewe ndiye uliyempigia kura ukarudi tena kwa jina la marehemu kaka yako.

Redio: Nilikuwa namheshimu marehemu. Kule ndani mtu wakimchoka hawamfukuzi, bwana. Nimebeba mafaili yao mpaka nimezeeka. Wanampandisha cheo, wanampigia makofi, anatoka mlangoni kinyumenyume akishukuru.

Wakili: Kisheria hiyo inaitwa heshima ya lazima.

Mama Kahawa: Inaitwa hivyo wapi?

Wakili: Mahakamani.

Mama Kahawa: Wewe mahakamani ulikwenda kwa kesi ya kuku.

Wakili: Kesi ni kesi, mama. Na hapa hakuna sheria iliyovunjwa. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Nyundo katenda wema, wamemwambia aende zake. Mnalalamika nini?

Fundi: Mjukuu wangu Jumatatu anaingia chumba cha mwisho.

Mzaha ukaishia hapo. Niwaeleze kwa nini. Nyundo tulimpa jina hilo kwa sababu hatembei bila nyundo yake ndogo. Akikagua jengo anagonga ukuta, anatega sikio, anagonga tena, hana haraka na mtu. Shule ya msingi ilipojengewa madarasa mapya, aligonga ukuta wa chumba cha mwisho na kipande cha tofali kikamdondokea miguuni. Akapaka alama ya X nyekundu mlangoni, akatia kufuli, ufunguo akauweka mfukoni. Mkandarasi akaja na gari lake refu. Wakubwa wakapiga simu. Nyundo akawajibu kwamba ukuta hausikii simu. Basi manispaa ilipoweka sanduku getini, wananchi wachague mtumishi wanayemwona mwadilifu, kijiwe chetu kilifanya kampeni kama cha wagombea. Mimi kila aliyekaa kwenye kiti changu nilimnyoa upande mmoja nikamuuliza atampigia nani. Nyundo alishinda, tukashangilia mpaka tukakaukiwa na koo. Kisha mkuu wa manispaa akasoma jukwaani kwamba mshindi anapewa saa ya ukutani na cheo makao makuu, na anaondoka mara moja. Hayo nayo tukayapigia makofi. Ijumaa kaimu wake akafungua kufuli, X ikapakwa rangi, na Jumatatu watoto wa darasa la kwanza walikuwa waingie.

Redio: Nyinyi hamjui makao makuu kukoje. Kuna ghorofa nzima ya waadilifu. Ya juu kabisa. Wamewekwa humo, kila mmoja na saa yake ukutani, hawana hata faili moja. Kutwa wanapishana mlangoni. Tangulia wewe. Hapana, tangulia wewe. Saa ya kutoka inafika hakuna aliyeingia.

Mama Kahawa: Umeiona kwa macho yako?

Redio: Nimepeleka barua pale. Hakuna aliyekubali kuipokea, kila mmoja anasema si ya kwake.

Wakili: Na zile saa ni za nani? Jiulizeni. Alhamisi hema lilikuwa la nani? Viti vya nani? Soda za nani?

Mimi: Za mkandarasi.

Wakili: Na saa ni ya mkandarasi. Ndani ina kinasa sauti. Nyundo akikaa kule akawaza kuhusu ule ukuta, wenyewe wanasikia.

Mimi: Kinasa sauti kinasikia mawazo?

Wakili: Cha siku hizi kinasikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndiyo maana wao wameuziba kwa rangi.

Mama Kahawa: Basi mimi nina dawa. Mwakani sanduku likiwekwa, sote tumpigie mkandarasi. Awe mwadilifu wa mwaka. Apewe saa, apandishwe, atuondokee. Akifuata kaimu, na yeye tumpe. Tuwatuze wezi wote mpaka mji ubaki safi.

Redio: Watakwenda makao makuu.

Mama Kahawa: Si waende?

Redio: Mama, wewe unadhani hawa wa hapa walitoka wapi?

Wakili na Redio wakacheka. Mimi sikucheka, na nasema wazi, nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu tunaweza kukaa pale tukalifanya jambo hili tamu, tukalitia sukari na tangawizi, na mtu mzima mwenzetu anashona huku Jumatatu ya mjukuu wake inakaribia.

Mimi: Nyamazeni niwaambie kitu. Nyundo aliposhuka jukwaani alipita pale tulipokaa. Akanishika mkono. Akaniuliza, "Kinyozi, mnashangilia nini?" Nikamwambia tunashangilia uadilifu wako, ndugu yangu. Akasema, "Ufunguo wameshauchukua." Akaenda zake na lile lisaa kwapani. Mimi nikakaa, nikafungua soda nyingine.

Redio: Hukutuambia.

Mimi: Ningewaambia nini? Kwamba mtu tuliyemwita mlinzi wetu tumemshika wenyewe tukamkabidhi kwa mwizi, na maua juu? Heshima gani hii? Mtu akifanya kazi yake sawasawa, mheshimu kwa kumwachia kazi yake. Mwachie ufunguo wake. Saa ya ukutani ataifanyia nini, akagongee nini?

Wakili: Jazba haisaidii, Kinyozi. Mvumilivu hula mbivu.

Mimi: Tule mbivu gani, Wakili? Tungoje tofali liive?

Mama Kahawa: Fundi, kwani huyo mjukuu lazima aende?

Fundi: Mama yake ameambiwa asiyefika Jumatatu nafasi yake anapewa mwingine. Shule nyingine iko mbali, na mtoto bado mdogo. Nimwambie nini binti yangu? Kwamba mtu wa kugonga ukuta kapewa tuzo?

Redio: Labda ukuta hautaanguka. Majengo mengine yana ufa tangu enzi za wakoloni na yamesimama.

Fundi: Labda.

Alisema hilo "labda" huku akikata uzi kwa meno, wala hakututazama. Mama Kahawa akamjazia kikombe bila kuombwa.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye hatujawahi kumwona mtaani kwetu, mfuko wa plastiki mkononi. Akatuamkia sote, shikamooni wazee, tukaitikia. Akamtolea Fundi sketi ya shule, mpya, bado ina harufu ya dukani.

— Baba, naomba unipunguzie urefu. Binti yangu bado mfupi.

— Anaanza lini? akauliza Fundi.

— Jumatatu, darasa la kwanza. Tumehamia juzi, na bahati yetu nzuri kapangiwa yale madarasa mapya. Huko tulikotoka watoto walikuwa wanakaa chini. Ndiyo nikasema niwaulize na njia, maana nataka nikamzoeshe leo, siku yenyewe asiogope. Shule iko upande gani?

Redio, anayejua mpaka wanachokula wakubwa, akakitazama kikombe chake. Wakili akakohoa. Paa jipya la ile shule ukisimama pale benchi unaliona, ni kunyoosha kidole tu, lakini mkono wangu ulikuwa mzito. Yule mama akatutazama mmoja mmoja, akacheka kidogo kwa haya.

— Jamani wazee wangu, nimeuliza njia tu.

— Sketi nitakupunguzia, mwanangu, akasema Fundi. Njia siwezi kukuonyesha. Ukuta wa chumba cha mwisho, watakamoingia darasa la kwanza, ni mbovu. Mkaguzi alikifunga, wamemhamisha, wamekifungua.

Tabasamu likamtoka usoni.

— Na hilo nyote mnalijua?

— Tunalijua.

— Wajukuu zenu mmewapeleka shule gani?

Haikuwa kejeli. Alitaka kujua ili na yeye ampeleke wa kwake hukohuko. Fundi akageuka akatazama ndani ya duka, kwenye kamba, ambako sketi nyingine ndogo, ya mjukuu wake, ilikuwa imetundikwa, imeshapigwa pasi. Akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Akaingia, akaitungua ile sketi, akaikunja mara mbili, akaifungia kabatini. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea.

— Twende, mwanangu, nitakuonyesha njia. Lakini tunakwenda kwa mwalimu mkuu, mimi na wewe, na mlango ule nitakaa mbele yake Jumatatu mpaka arudi mwenye nyundo. Waje wanitoe wenyewe.

Kisha akatugeukia, bila kupandisha sauti.

— Nyinyi mnaomalizia kahawa, malizieni.

Wakaondoka. Nikakiweka kikombe chini, nikafunga chumba changu, nikawafuata.