Historia ya Kaka Yetu Kivuli, Aliyechora Jengo la Vyumba Ishirini na Vinne

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na wewe Mkurugenzi wao uliyejichagulia kiti cha mbele, mimi ni dada wa marehemu, kitinda mimba, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma yote, maana wapenda kufupisha walishamfupisha vya kutosha akiwa hai.

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Kivuli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi bati na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili isiyo na dari, na mama alikuwa akisimulia kwamba alianza kutambaa akifuata kivuli cha ukuta, asubuhi upande huu, alasiri upande ule, ndipo jina lilipomganda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1976, kisha chuo cha ufundi, alikotunukiwa cheti cha uchoraji wa majengo tarehe 2 Desemba 1979, akiwa wa kwanza darasani, na aliyeshika nafasi ya pili tunaye hapa mbele, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Tarehe 7 Aprili 1980 aliajiriwa katika ofisi ya ushauri wa majengo, na mwaka 1994 akakabidhiwa dawati la kuwasaidia wenye biashara ndogo kupanga mahali pao pa kazi, ili pasiwe na joto la tanuri wala pasile umeme ovyo, dawati ambalo wenzake walilikimbia kwa kuwa halikuwa na gari wala safari. Alikuwa akiingia dukani na kijiti cha udi, anakiwasha, anasimama kimya katikati ya chumba kutazama moshi unaelekea wapi, ajue hewa inapita au imekwama, na msusi mmoja aliyeketi pale dirishani amenisihi nisisahau kwamba siku ya kwanza alimtimua kwa ufagio akidhani ni mganga aliyetumwa na mpinzani wake wa biashara, kisha akamkimbilia barabarani kumwomba radhi, na baada ya wiki mbili, ukuta wa nyuma ukiwa na matundu juu na paa likiwa jeupe, alizima feni tatu kati ya nne.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na wajukuu watano, ambao wote waliwahi kugombezwa na babu yao kwa kuwasha taa mchana.

Sasa nafika mwaka 2007, naomba mtulie. Kaka alitumia miezi kumi na mmoja kuchora lile jengo la vyumba ishirini na vinne, la washona nguo, wasusi na mafundi simu, akaweka madirisha mapana mashariki kwa ajili ya mwanga wa asubuhi, na magharibi ukuta mtupu wa kuzuia jua la alasiri. Alikuwa na mazoea yake, mlango mkuu lazima uwe upande wa chini wa karatasi, kwa sababu, alisema, mteja haingii dukani akitokea angani, hivyo mshale wa kaskazini aliuelekeza popote ulipostahili, na katika mchoro ule ulitazama chini, ndani ya kisanduku kilekile cha pembeni chenye jina lake. Tarehe 3 Septemba, kaka akiwa likizo akimuuguza baba, Mkurugenzi alikikata kisanduku hicho kwa wembe, akabandika chenye jina lake mwenyewe, na kwa kuwa hakuwahi kuuliza, akachora mshale mpya unaotazama juu, kama ramani ya ukutani darasani.

Kiwanja kilikuwa kati ya barabara mbili, mlango ungepata barabara upande wowote, hakuna aliyeshtuka, jengo likasimama kinyumenyume, madirisha mapana yakitazama magharibi. Kaka aliporudi aliukuta msingi ukichimbwa, akaelewa palepale, akaja kwangu akaniambia neno moja tu, mwache ajenge, nami nilicheka, nakiri mbele yenu, nilicheka hadi machozi. Mkurugenzi alikata utepe, akapewa tuzo, na tangu mwaka huo kila ifikapo saa tisa alasiri washona nguo hushona wakiwa wamejifunika vichwa kwa vitambaa vya wateja, na mmoja wao husema pasi yake haina haja ya kuchomekwa.

Kaka aliujutia ukimya ule kwa ajili ya wapangaji, hakuujutia hata chembe kwa ajili ya yule bwana. Aliacha kazi tarehe 30 Juni 2009, na kwa miaka kumi na miwili alipita chumba kwa chumba, bila malipo, akifunga vipaa vya kukinga jua, akipandisha mimea itambae, akitoboa kuta, na barua tatu alizoandika kudai jina lake zilijibiwa mara moja tu, kwamba alikuwa msaidizi wa ofisi.

Mwezi Juni 2021 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, hadi tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, alipoaga dunia, wifi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi sebuleni, wafanyakazi wenzake wachache waliothubutu kumtembelea, na wapangaji wa vyumba vyote ishirini na vinne waliofunga kazi leo.

Mkurugenzi naye alifika mapema, akaandika katika kitabu cha maombolezo kwamba amempoteza msaidizi hodari, na wifi, ambaye hajawahi kuchana kitu cha mtu maishani mwake, ameuchana ukurasa huo. Kitabu kiko mezani, kimefunguliwa, kalamu ipo, aje aandike kwa mkono wake nani alilichora jengo lile, kisha ndipo jeneza litanyanyuliwa, si kabla, maana sisi wafiwa hatuna haraka, na kaka anayo ndogo kuliko sisi.

Pumzika kwa amani, Kivuli, pumzika hapohapo ulipo, tunamsubiri mtu mmoja asimame.