Alhamisi Nane za Ernesti Semkuya, Fundi wa Madigadi

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, majirani wa Makorora, na mafundi baiskeli wote mliofunga kazi leo mkaja kutufariji, historia hii imeandikwa na inasomwa na Precious, binti wa marehemu, kwa idhini ya mama yake, Tausi, ambaye aliisikiliza yote jana mchana, akasahihisha tarehe mbili, akasema kisipunguzwe kitu.

Ernesti Mhina Semkuya alizaliwa tarehe 3 Agosti 1961, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge huko Kigombe, wilayani Muheza, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mhina Semkuya, mkata mkonge, na Mama Raheli, ambao wote wametangulia. Alianza darasa la kwanza kijijini hapo mwaka 1969, akamaliza la saba mwaka 1975, hakuchaguliwa kuendelea, na mara nyingi alisimulia kwamba alikuwa wa kumi na moja darasani wakati waliochaguliwa walikuwa wawili, akisimulia bila kinyongo, ila namba hiyo hakuisahau.

Alikata mkonge kuanzia 1977, akahamia Tanga mjini mwezi Machi 1984, na tarehe 2 Juni 1986 akaweka benchi lake Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, ambako alifanya kazi hadi mwaka huu. Alitengeneza baiskeli nzima, lakini watu walimfuata kwa madigadi, vile vikinga tope vya juu ya magurudumu, kwa sababu madigadi ya Ernesti hayakulia wala kugusa tairi. Alikaa kwenye kigoda kifupi, gurudumu amelibana kwa nyayo zake mbili, akalaza utepe wa mpira kati ya tairi na digadi kuanzia mbele hadi nyuma, akakaza skrubu kidogo huku na kidogo kule, kisha akauchomoa utepe, na nafasi ikabaki sawa mzunguko mzima. Chini ya kila nati aliweka washa ya ngozi, na ncha za vyuma vya kushikilia alizikata na kuzipiga tupa mpaka ziwe laini, akazipitishia kitambaa, na kama kitambaa kimekwama hata uzi mmoja alianza upya. Rafiki yake Tahiri, fundi wa rimu ambaye benchi lake limekuwa jirani na la marehemu tangu 1998, alikuwa akimtania mbele ya wateja: "Ernesti, hiyo ni baiskeli au unampima suti bwana harusi?" Naye alimjibu, "Wewe endelea kunyoosha rimu zako, ndugu yangu, huku kuna kazi ya macho."

Ni kwa kitambaa hicho alimpata mke, kwani mwaka 1991 Tausi, binti wa Elia Mntambo wa Pangani, alifika benchini akiwa na kanga iliyochanwa na ncha ya digadi lililofungwa na fundi mwingine, akasema hahitaji maneno matamu, anahitaji baiskeli isiyomvua nguo barabarani. Walifunga ndoa kanisani Pangani siku ya Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1992, na Mungu akawajalia watoto wawili, Mhina, aliyezaliwa tarehe 7 Juni 1994, ambaye anafanya kazi Korogwe, na Precious, aliyezaliwa tarehe 19 Februari 1999, ambaye alimaliza chuo kikuu mwaka 2022 na sasa anafanya kazi Dodoma.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa familia inaomba utulivu, kwa kuwa tangu juzi yamesemwa maneno humu msibani, jikoni na chini ya turubai, kwamba Tausi alimtibu mumewe kwa majani, na kwamba alikataa asipelekwe hospitali. Kwa kawaida historia ya marehemu husema kwamba aliugua na akaendelea na matibabu, na Precious alikuwa ameshaiandika sentensi hiyo kabla hajaikagua kadi ya kliniki ya baba yake, kisha akaifuta, kwa sababu si kweli.

Ernesti aligundulika kuwa na kisukari mwezi Agosti 2017. Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025, akiwa kazini, alikanyaga kipande cha chuma alichotoka kukikata, kikapenya kandambili na kumchoma chini ya vidole vya mguu wa kushoto. Alihudhuria kliniki ya Alhamisi tarehe 16, 23 na 30 Januari, na tarehe 6 na 13 Februari, na tarehe hiyo ya mwisho daktari alimweleza kwamba vidole viwili vikatwe mapema ili mguu upone, akamtaka arudi Alhamisi inayofuata pamoja na mtu wa nyumbani. Nyumbani alisema, "Daktari kasema kidonda kinakauka, nisikose tu kwenda kufungwa bandeji."

Hakurudi tena. Kuanzia tarehe 20 Februari hadi tarehe 10 Aprili ni Alhamisi nane, na kila Alhamisi Tausi alimwandalia maji ya kuoga, akamtolea shati safi, akamsindikiza hadi barabarani, na Ernesti akaenda Msambweni, uani kwa Tahiri, akafunga madigadi hadi saa nane mchana, kisha Tahiri akamfunga bandeji mpya ili arudi nayo nyumbani. Bandeji ilifungwa vizuri hata Tausi akaisifu. Alisema nesi huyo ana mkono mwepesi, akaanza kumpelekea mkate wa kumimina, kipande kikubwa kwenye bakuli lenye mfuniko, kila Alhamisi, na bakuli likarudi tupu likiwa na salamu za shukrani. Precious naye alipiga simu kutoka Dodoma kila jioni ya siku hiyo, akauliza kipimo cha sukari, akatajiwa tisa nukta mbili, wiki nyingine nane nukta tano, nyingine saba nukta moja, akaziandika kwenye daftari akazichorea mstari, na mstari ukashuka vizuri mno, naye akamshukuru Mungu kwa namba ambazo baba yake alizitunga akiwa ameshika tupa.

Jumatano, tarehe 16 Aprili, alianguka chooni, akalazwa, na siku iliyofuata mguu ukakatwa juu ya goti. Wodini Tausi alimkuta Sista Hasina, nesi wa kliniki, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa zile bandeji, akamuuliza kama mkate ulikuwa na sukari ya kutosha. Sista Hasina alimtazama, akasema, "Mama, mkate wako mimi sijauona, na mumeo sijamwona tangu Februari. Nilipiga namba iliyo kwenye kadi mara tatu, nikaambiwa yuko Pangani, akirudi anakuja." Namba hiyo ni ya Tahiri. Alipoulizwa Ijumaa Kuu, Tahiri alisema, "Shemeji, aliniapisha. Alisema nikitamka neno, urafiki umekwisha." Tausi akamwambia, "Na mkate wangu mkaula."

Jumatatu ya Pasaka Ernesti alizungumza na mkewe kwa muda mfupi, akasema aliogopa, kwamba fundi asiye na vidole hawezi kubana gurudumu, na kwamba angemwambia akipona. Hakuomba msamaha, na haitasemwa hapa kwamba aliomba. Alifariki Jumanne, tarehe 22 Aprili 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi minane na siku kumi na tisa. Kadi ya kliniki, yenye nafasi nane tupu, iko juu ya meza pale mlangoni, na yeyote aliyezungumza habari za majani anaweza kuisoma kabla hatujaondoka kwenda makaburini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea akiwa amechelewa wakajitahidi, inamshukuru Sista Hasina kwa simu tatu ambazo hakulazimika kupiga, inawashukuru majirani wa Makorora kwa maji, kuni na turubai, na mafundi wa barabara ya kumi na mbili kwa jeneza. Inamshukuru Tahiri kwa miaka ishirini na saba ya ujirani wa benchi, ila kwa Alhamisi nane haimshukuru, na atabeba jeneza pamoja na wengine kwa kuwa Tausi amesema abebe.

Neno la mwisho ni la Tausi mwenyewe, na ameomba asimame wakati linasomwa ili kila mtu amwone. Anasema angekaa na Ernesti mwenye vidole vitatu, angekaa naye mwenye mguu mmoja, angembania gurudumu kwa mikono yake, na hakuulizwa.

Pumzika kwa amani, Ernesti, mume wa Tausi.