Seli Zangu Zilikuwa na Njaa

Mwangaluka, kina mama. Nimeombwa niongee kwa upole. Nitajaribu.

Najichoma insulini tangu kidato cha tatu, wengi mnajua. Mwaka jana, mtoto wangu akiwa na miezi saba, mtu mmoja alianza kututumia mafundisho ya sauti kwenye simu. Jina silitaji. Alisema seli ikikosa chakula inakula uchafu wake na kujitengeneza upya. Basi funga siku tatu, acha sindano, ugonjwa utaliwa.

Ndugu zangu, nawaambia, biolojia nilifaulu. Ndiyo maana niliamini! Asiyesoma angeogopa.

Mama mkwe akaniuliza, "Mayu, na maziwa ya mtoto yatatoka wapi?"

"Mama, wewe hujui mambo ya seli."

"Sijui. Kukonda nakujua."

Nikamwagiza atupe dawa tuliyoihifadhi kwenye mtungi wa ubaridi.

Siku ya kwanza nilikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Ya pili nikatapika. Nikamwandikia yule mtu, akajibu, "Uchafu unatoka, vumilia." Mnasikia? Vumilia! Ya tatu nilihema kama niliyekimbia kutoka Nkololo hadi mjini, mtoto analia kifuani, titi kavu. Kisha sikumbuki.

Nilizindukia hospitalini, dripu mkononi. Kumbe mama mkwe hakuitupa ile dawa. Mtoto alimwachia jirani, akanishikilia kwenye bodaboda, na kichupa akakiweka mkononi mwa muuguzi: "Hii ndiyo ameiacha." Hawakupoteza muda kukisia.

Muuguzi hakupamba maneno. Ni kweli, alisema, seli huvunja vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia tena, hata ukiwa umeshiba. Kazi hiyo ikiharibika uchafu hurundikana ndani, na yapo magonjwa ya ubongo yanayohusishwa na hilo. "Lakini haikutengenezei insulini. Sukari ilijaa kwenye damu, seli zikabaki na njaa. Mwili ukachoma mafuta yake mpaka damu ikawa na asidi. Ungekufa."

Namshukuru yeye. Namshukuru mama mkwe, yule pale anayejificha na kanga. Nilimdharau, akanibeba.

Ninachojua sasa: ukweli uliokatwa nusu ni mbaya kuliko uongo, maana unaumalizia mwenyewe.

Na dada uliyeniuliza pale mlangoni kama unaweza kujaribu siku moja tu: hapana. Umejichoma asubuhi? Usitazame chini. Simama, twende hospitalini kwa muuguzi sasa hivi. Kikao kitatusubiri.