Mama wa Mbwa Wastaafu: Maisha ya Marehemu Justa Bujiku, 1961–2025

"Mama Violeth, katika hawa mbwa wako, anayelinda nyumba ni yupi? Huyu haoni, huyu hasikii, na yule mguu mmoja hana."

Swali hilo marehemu aliulizwa na jirani yake, Mama Blessing, siku alipokuja kuazima kinu. Marehemu alimpa kiti kwanza, kisha akamjibu kwa upole, "Hakuna anayelinda, mayu. Walishalinda sana. Sasa wamestaafu." Mama Blessing akauliza kama pensheni wanalipwa. Akaambiwa wanalipwa, na ndiyo hiyo inachemka jikoni.

Tunaomba radhi kwa kuanza na mbwa. Katekista Wiliam alitushauri habari zao zikae kwenye mstari mmoja, nasi tulijaribu, lakini mstari haukutosha. Na ipo shida ambayo familia haijaimaliza: tukishaanua matanga nyumba hii itafungwa, na hadi leo asubuhi hajapatikana mtu wa kuwachukua.

Marehemu Justa alizaliwa tarehe 14 Juni 1961 huko Mhunze, Kishapu, msimu wa kuuza pamba. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku. Baba yetu alipata habari akiwa kwenye foleni ya mzani, akamshukuru Mungu, na foleni hakuiacha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mhunze, kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Watu wengi wanadhani alipenda mbwa tangu utotoni. Hapana. Aliwaogopa kuliko sisi wote. Akiwa darasa la nne alikimbizwa na mbwa wa mwalimu, akapanda juu ya paa la jiko la shule, na mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyeleta ngazi. Mbwa yule, kwa taarifa tulizopata baadaye, alikuwa anafuata kiazi ambacho marehemu alikishika mkononi.

Aliolewa mwaka 1982, akajaliwa watoto wawili, Violeth na Cornel. Baba yao alifariki mwaka 2004, Mungu amrehemu.

Mwaka 1999 marehemu aliajiriwa Geita kama mpishi wa kampuni moja ya ulinzi. Alipika wali wa walinzi na ugali wa mbwa. Alikuwa akisema walinzi kila siku wanalalamikia chumvi, lakini mbwa hajawahi kumsikia akilalamika, na hivyo ndivyo woga ulivyomtoka. Mwaka 2008 mbwa mmoja aitwaye Reksi, aliyefundishwa kunusa baruti, alipofuka macho, ikapangwa achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Marehemu akaenda kumwombea. Bosi wa zamu akamwambia, "Mama, huyu hana kazi tena." Marehemu akamjibu, "Hata mimi miguu inaniuma, bosi. Nitachomwa lini?" Bosi akacheka, akampa mbwa na mnyororo wake. Tangu hapo kila mbwa aliyezeeka au kulemaa alipelekwa kwake, na wapo walioletwa hata na watu wa mbali, Ushetu huko.

Alipoacha kazi mwaka 2010 alihamia hapa Rwamgasa, akafungua banda la chakula kwa wachimbaji. Reksi alilala chini ya meza. Macho yalikufa, lakini pua ilikuwa nzima, na kazi aliyofundishwa hakuisahau: akinusa baruti kwa mtu, anakwenda kukaa mbele yake, kimya, haondoki. Siku moja akaingia ndugu Selestine Magesa, fundi wa kulipua miamba kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Reksi akaenda kukaa miguuni pake. Kesho yake hivyo hivyo.

"Mama, huyu mbwa wako ananipenda," alisema ndugu Selestine.

"Hakupendi, baba. Amekukamata."

Ndugu Selestine alioga, akabadilisha nguo, akarudi, na akakamatwa tena. Mwishowe alizoea kula huku yuko chini ya ulinzi. Ndoa yao ilifungwa tarehe 7 Mei 2011. Reksi alifuata msafara mpaka ndani ya kanisa, akapita kwa bwana harusi bila kusimama, akaenda kukaa mbele ya msimamizi wake. Msimamizi huyo ni Baba Nelly, mume wa Limi, mdogo wa marehemu anayewasomea wasifu huu. Baba Nelly alipopekua koti la suti alilovaa, likatoka fungu la utambi wa baruti, maana koti alikuwa ameliazima machimboni asubuhi ile. Padre akasema ndoa itaendelea utambi ukishatoka nje. Tangu siku hiyo Baba Nelly na mbwa hawajapatana. Ndugu Selestine aliishi na marehemu kwa amani hadi alipotutangulia mwaka 2021.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Novemba 2024, miguu ikawa inavimba. Alitibiwa hospitalini mjini Geita, na kila kliniki alipelekwa na Baba Nelly kwa bajaji yake. Mwezi Juni, banda la mbwa lilipoanza kuvuja, Baba Nelly alikuja kuliezeka bati jipya. Kazi nzima alikuwa akisema mbwa hawa ni laana, na misumari yote aliipiga. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, akiwa amekwisha kuuliza kama mbwa wake Kepteni amekula.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake Limi, shemeji yake Baba Nelly, na mbwa watatu waliobaki: Kepteni asiyeona, Bela asiyesikia, na Sajini mwenye miguu mitatu. Violeth amepanga chumba kimoja Kahama. Mwenye nyumba wa Cornel hataki hata kuku. Mama Blessing anawahurumia sana, lakini ana vifaranga. Limi angewachukua leo hii, ila mwenye kauli nyumbani kwake anajulikana.

Bwana amlaze dada yetu mahali ambapo miguu haiumi tena.

Limebaki ombi lake. Alilitoa kitandani tarehe 9 Agosti, mbele ya Limi na Violeth, akaagiza lisomwe hapa kaburini, mwisho kabisa, watu wote wakiwepo. Mhusika bado hajaambiwa. Alisema hivi:

"Mbwa wangu msimpe mtu anayewaonea huruma, atachoka. Mpeni Baba Nelly. Hawapendi, lakini kazi akishaianza huwa haiachi."