Dada Ndoo na Samaki Waliobaki Mtoni

Mfikirieni anaingia. Ndoo mkononi, buti za mpira zimejaa tope, na kabla hajasalimia anasema, "Msiiguse hiyo, ina watu." Watu wake walikuwa samaki wadogo wa urefu wa kidole. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Dada Ndoo, na maprofesa wenzake pia, wakidhani hasikii.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974 na sekondari mwaka 1980. Chuo kikuu alisomea viumbe hai, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1993. Tulipoanza kumwita daktari, mama aliuliza, "Daktari gani wewe, hata sindano huchomi?" Akajibu, "Wa samaki, mama. Hawalipi, lakini hawalalamiki."

Mwaka 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba. Ndiye aliyeunganisha matangi yote ya samaki katika maabara ya dada pale chuoni, akisema ameoa mke mmoja na wakwe wasiohesabika.

Hadi mwaka 2019, katika maabara hiyo ya chumba kimoja, dada alifuatilia jambo moja: samaki wa mto wetu wanaishije katika maji machafu ya kiwanda cha ngozi? Jibu alilipata. Samaki wa leo ni uzao wa wachache waliozaliwa na miili inayostahimili sumu. Wengine walikufa, kizazi baada ya kizazi. Na hawa waliobaki wanalipia: wamedumaa, mayai yao ni machache, na maji yakipata joto kidogo tu, wanaelea tumbo juu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo hasira yetu ilipo. Kiwanda kiliuchukua utafiti huo kikaupeleka kwenye kikao cha kibali cha kumwaga maji machafu mtoni. Meneja alisimama akitabasamu: "Daktari mwenyewe ameandika samaki wamezoea. Maji yana tatizo gani?"

Dada akainuka. "Hakuna aliyezoea, bwana. Wewe unahesabu waliobaki. Waliokufa umewaweka wapi?"

"Mama, punguza jazba," mwenyekiti akamwambia.

Kibali kikatoka. Mkurugenzi wa dada pale chuoni, aliyekaa safu ya mbele asifungue mdomo, aliifunga maabara mwezi uliofuata. Matangi yalimwagwa uani, samaki wakiwamo, na dada akiangalia.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Mimi nikasema ni ule mto. Akanikaripia kutoka kitandani: "Umepima? Kama hujapima, nyamaza." Nimenyamaza, dada. Lakini na wao wa kiwanda hawajapima. Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Jana kiwanda kilituletea shada la maua lenye maneno "Rafiki wa Mto". Tumelirudisha.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mimi mdogo wake, na wanafunzi aliowaita wanangu. Lala salama, dada. Kelele tuachie sisi. Alhamisi hii kiwanda kinarudi kuomba kibali cha bomba la pili, na karatasi watakazoshika ni zile zile zako. Nani kati yetu, wapendwa, atainuka kuwauliza waliokufa wamewekwa wapi?